Tuuelewe usonji (2): Mtoto anayekula vyakula vitatu tu

Wiki iliyopita tulieleza dalili za mwanzo za usonji: mtoto kuchelewa kuongea, kutoitika jina lake, kurudia jambo moja kwa muda mrefu bila kuchoka. Leo tuzungumzie chakula, jambo linalowatesa wazazi wengi na ambalo hospitalini hawaulizwi.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 5 anayeishi na wazazi wake hapa Chimwaga, Dodoma. Anakula chapati, chipsi na ugali mweupe wa sembe, basi. Chapati ikiwa na doa la kuungua, hali. Ugali ukiguswa na mchuzi, anasukuma sahani nzima. Mlenda, mboga ambayo nyumba nyingi za Kigogo haziwezi kukosa, akiuona tu unavyovutika kwenye kijiko anaziba pua na kuondoka. Majirani wanasema kadekezwa. Shangazi mtu anashauri aachwe na njaa siku mbili, atakula mwenyewe.

Ushauri huo umewafaa watoto wengi wanaoringa, ndiyo maana unatolewa kwa kujiamini. Kwa mtoto mwenye usonji ni wa hatari. Wengi wao hupokea harufu, mguso na rangi kwa ukali ambao sisi hatuusikii. Utelezi wa mlenda au chenga za ugali wa mtama zinaweza kumchefua kabla hajameza. Juu ya hapo, wanapenda mambo yabaki vilevile kila siku. Mtoto wa aina hii yuko tayari kukaa na njaa mpaka augue kuliko kugusa kile asichokijua.

Tatizo hili limejulikana tangu usonji ulipoandikwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa akili za watoto katika hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11, na tayari alibainisha kwamba kadhaa kati yao walisumbua kula tangu uchanga. Miaka 70 baadaye, mwaka 2013, William Sharp na wenzake wa Atlanta walikusanya matokeo ya tafiti zilizotangulia wakaona kwamba watoto wenye usonji wana uwezekano mara 5 zaidi wa kuwa na shida ya kula kuliko wenzao. Wanapata pia protini na kalisi pungufu. Lakini kwa uzito na urefu hawakutofautiana sana na watoto wengine.

Hapo ndipo naomba wahudumu wa afya wasome mara mbili. Kliniki zetu za mama na mtoto zimejengwa juu ya mizani. Mtoto anapimwa, nukta inawekwa kwenye kadi, ikiangukia eneo la kijani mama anaambiwa aendelee hivyohivyo. Ni utaratibu mzuri na tunauhitaji, kwa sababu utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Lakini chapati na chipsi zina wanga na mafuta ya kutosha kuiweka nukta kwenye kijani, huku mtoto akikosa vitamini na madini ya chuma. Wapo watoto wenye usonji, tena katika nchi tajiri, waliofikishwa hospitalini na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C tuliozoea kuusoma katika habari za mabaharia wa zamani. Wengine macho yameharibika kwa kukosa vitamini A. Mizani ilikuwa haijasema kitu.

Tiba iliyothibitika zaidi ni ya tabia. Msingi wake ni kuangalia kinachotokea kabla ya mtoto kukataa chakula, na kinachofuata baada ya kukataa. Mama anaweka mlenda, mtoto anapiga kelele, mama anaondoa mlenda na kuleta chapati. Mtoto amejifunza kwamba kelele huondoa mlenda. Mama naye amejifunza kwamba chapati huleta amani. Hakuna mwenye kosa hapo, ila kila mlo unakaza fundo lilelile. Kazi ya tiba ni kubadilisha kinachofuata, polepole, bila kumtisha mtoto.

Kabla ya yote apelekwe kwa daktari. Meno mabovu, vidonda mdomoni, kiungulia na choo kigumu humfanya mtoto yeyote akatae kula, na huyu hawezi kusema panapouma. Anayepaliwa mara kwa mara, anayepungua uzito au aliyebakiwa na chakula kimoja tu asianziwe tiba nyumbani. Huyo ni wa hospitali.

Akishapimwa, nyumba ipange saa za kula. Kati ya mlo na mlo apewe maji tu. Kikombe cha chai ya maziwa kinachozunguka naye mchana kutwa, na andazi ambalo bibi anampa kwa huruma saa 5, humfikisha mezani akiwa hana hamu. Bibi aelezwe kwa heshima, ahusishwe tangu mwanzo, maana mtu mmoja asipokuwamo kwenye mpango huo, mpango wote unalegea. Kama familia hula kwenye sinia moja, mtoto atengewe sahani yake ndogo lakini akae palepale na wenzake.

Chakula kipya kisianzie mbali. Mlenda usubiri. Anayekula chipsi aanzie kwenye kiazi cha kuchemsha kilichokatwa umbo lilelile la chipsi. Anayekula ugali wa sembe apikiwe sembe iliyochanganywa na kijiko kimoja cha unga wa uwele, kiasi ambacho weupe haubadiliki. Akikubali kwa siku kadhaa mfululizo, vijiko viwe viwili. Kidogokidogo ugali unaelekea rangi ya kijivu na mtoto anakwenda nao, na uwele una madini ya chuma kuliko sembe. Akikataa, rudini kwenye kipimo cha mwisho alichokubali. Ningesihi jambo moja: msifiche kitu kipya ndani ya chapati anayoipenda. Akigundua anaweza kuikataa na chapati yenyewe, na vyakula vitatu vikawa viwili.

Siku ya mlenda ikifika, kipimo cha kwanza ni punje ya uwele. Simaanishi kijiko wala nusu kijiko. Ni tone la ukubwa wa punje kwenye ncha ya kijiko, mlenda wa karanga kama ndio unaopikwa hapo nyumbani. Mzazi anasema maneno machache na yaleyale kila siku: kwanza mlenda, kisha katuni. Mtoto akigusa tone kwa mdomo, hata kwa ulimi tu, asifiwe hapohapo na apewe anachokipenda kwa nusu dakika: katuni ya simu, au kuzungusha mfuniko wa sufuria kama hicho ndicho kinachomfurahisha. Zawadi ikichelewa hataiunganisha na alichofanya. Mazoezi yawe ya dakika chache, kisha mlo wake wa kawaida uendelee. Siku za mwanzo kilio kinaweza kuzidi kabla hakijapungua, na wazazi wengi huacha hapo, wakidhani wanamuumiza. Akikataa, mzazi asigombe wala asibembeleze. Kijiko kiwekwe kando kwa utulivu, zawadi ibaki bila kutolewa, na zoezi lirudiwe mlo unaofuata. Ladha moja huenda ikahitaji kuonjwa mara kumi au zaidi kabla haijazoeleka, hata kwa watoto wasio na usonji.

Fimbo haina nafasi hapa, wala kumbana mtoto pua na kumsukumia uji. Tiba ya tabia yenyewe ina doa hilo katika historia yake. Miaka ya 1960 Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia makofi na hata umeme kwa watoto wenye usonji. Jambo hilo limelaaniwa, na haki. Hata mbinu ya kuacha kijiko midomoni mpaka mtoto apokee, ambayo baadhi ya hospitali za nje huitumia kwa watoto walio hatarini, ni ya wataalamu peke yao. Nyumbani inageuka ugomvi.

Je, mzazi asiye mtaalamu anaweza kazi hii? Mwaka 2019 Sharp na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 38 ambao wazazi wao waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilifundishwa mbinu za mezani, la pili likapewa elimu ya jumla kuhusu usonji. Katika la kwanza karibu nusu ya watoto walionyesha nafuu ya wazi, katika la pili kama asilimia 5. Kwetu Tanzania, mwaka 2016 Ashley Harrison, Karim Manji wa Muhimbili na wenzao walichapisha majaribio ya mafunzo mafupi ya vikundi kwa walezi 29. Hayakuhusu chakula peke yake, lakini walezi walielewa usonji zaidi na wakazitumia mbinu za tabia majumbani mwao.

Chimwaga tuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 na chenye vitivo vya tiba, uuguzi na elimu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Hospitali ya Mirembe nayo ina uzoefu mrefu wa afya ya akili. Darasa la wazazi linahitaji chumba, mwezeshaji aliyefundishwa, na viti. Naziomba taasisi hizo zilianzishe. Nawaomba pia wauguzi wa kliniki waongeze swali moja baada ya mizani: mtoto huyu anakula vyakula gani, vingapi?

Na wewe mzazi, usisubiri darasa. Andika kwenye daftari kila alichokula mtoto wako kwa siku 7, saa na kiasi, na alichokataa. Nenda nalo kliniki pamoja na kadi. Wiki ijayo tutazungumzia usingizi.