Mwongozo wa tiba upo mtandaoni, kazi ni kuupata mstari sahihi

Tanzania, Kenya na Uganda zimeweka miongozo yao ya matibabu mtandaoni, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linatoa yake bila malipo. Tabibu wa zahanati ya mbali anaweza kuifungua kwenye simu yake. Hata hivyo, kuwa na mwongozo ni jambo moja, na kuupata mstari unaotakiwa wakati mgonjwa anasubiri ni jambo jingine.

Malaria kali kwa watoto inaonyesha hatari iliyopo. Mwaka 2010, utafiti uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na DRC, ulionyesha kuwa sindano ya artesuneti inaokoa maisha zaidi ya kwinini. Waliofariki walikuwa asilimia 8.5 kwa artesuneti na asilimia 10.9 kwa kwinini.

Mwaka 2015 WHO ikapandisha dozi ya watoto wenye uzito chini ya kilo 20, kutoka miligramu 2.4 hadi 3 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 aliyekuwa akipewa miligramu 24 sasa anatakiwa kupewa 30.

Tatizo ni kwamba nakala za zamani bado zimo mtandaoni. Anayetafuta dozi anaweza kuletewa toleo la kabla ya 2015 juu ya orodha, na asipoangalia mwaka, mtoto atapata dawa pungufu.

Kwa wajawazito hali ni hiyo hiyo. Awali WHO ilielekeza kwinini pamoja na klindamisini kutibu malaria ya kawaida katika miezi mitatu ya kwanza. Novemba 2022 ikapendekeza dawa mseto ya artemetha na lumefantrini. Maelekezo yote mawili yanaweza kujitokeza kwa utafutaji mmoja.

Kikwazo kingine ni umbo la nyaraka. Faili la mamia ya kurasa linamaliza bando, na maandishi yake hayasomeki vizuri kwenye kioo kidogo. Ukiandika neno "malaria" ndani yake, unaletewa kila ukurasa unaolitaja. Majina nayo yanachanganya: adrenalini ya mwongozo mmoja ni epinefrini kwa mwingine, na parasetamoli huitwa asetaminofeni Marekani. Mgonjwa anayevuka mpaka kutoka Uvira kwenda kutibiwa Kigoma hubeba karatasi za Kifaransa, wakati anayempokea hutafuta kwa Kiingereza.

Njia rahisi zipo. Wizara ya Afya ya Kenya hutoa kijitabu cha matibabu ya watoto chenye majedwali ya dozi kwa uzito, kinachoingia mfukoni. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lina programu ya simu ambayo, ikishapakuliwa, hutumika bila intaneti.

Wizara za ukanda huu zinaweza kuanza na mambo yasiyo na gharama kubwa: kuandika mwaka wa toleo juu ya kila ukurasa, kuweka alama ya "limepitwa na wakati" kwenye matoleo ya zamani, na kutenga majedwali ya dozi katika mafaili madogo. Kwa mhudumu, kanuni ni moja: soma tarehe kabla ya kusoma dozi.