Kabla ya Kuhama Windows, Kagua Mafaili

Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazikidhi masharti ya Windows 11. Biashara inayochagua Linux badala ya kununua mashine mpya hugundua upesi kwamba mfumo endeshi ndio sehemu nyepesi. Mzigo uko kwenye programu za ofisi, kwa kuwa Microsoft haitoi toleo la Office la kusakinisha kwenye Linux.

Mjadala huanza kwa kulinganisha orodha za uwezo, zoezi linalompendeza zaidi anayeuza. Barua, ankara na bajeti za kawaida huandikika vizuri kwenye programu yoyote iliyokomaa, LibreOffice ikiwemo. Kinachoamua ni mafaili: yale yaliyokwisha kuhifadhiwa, na yale yanayopishana kila siku na wateja, benki na mamlaka ya kodi.

Faili la docx hubeba maneno pamoja na maelekezo ya kuyapanga, na kila programu huyafasiri kivyake. Fonti ikikosekana, nyingine huchukua nafasi yake. Upana wa herufi ukibadilika, mistari hukatika kwingine, na sahihi ya mkurugenzi huhamia ukurasa wa tatu peke yake. Kwa Calibri dawa ipo: Carlito, fonti huria iliyochorwa kwa vipimo vilevile.

Makro ni shughuli nyingine. Hivi ni vijiprogramu vinavyokaa ndani ya lahajedwali, aghalabu kwa lugha ya VBA, ambayo LibreOffice huimudu kwa sehemu tu. Nchini Kenya, anayewasilisha ritani ya kodi kwa fomu ya Excel ya mfumo wa iTax huruhusu makro, hujaza, kisha hubonyeza kitufe cha kuhakiki ili apate faili la zip la kupakia. Fomu za aina hiyo ndizo za kujaribiwa kwanza, pamoja na ile lahajedwali ya mishahara iliyoachwa na mhasibu aliyekwisha kuondoka, ambayo hakuna anayeielewa na wote wanaiamini.

LibreOffice hufanya kazi kwenye Windows pia, kwa hiyo inaweza kutangulia. Jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, lilipotangaza mwaka 2024 kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000, lilianza na LibreOffice. Linux ikapangiwa zamu ya baadaye. Kwa utaratibu huo, kitu kikiharibika chanzo chake hujulikana. Anayebadilisha vyote Ijumaa jioni, Jumatatu ataishtaki Linux kwa makosa ya fonti.

Si lazima wote wahame. Kompyuta moja ya Windows yenye Office, ikibaki kwa mhasibu, hugharimu kidogo kuliko kuandika upya makro za miaka kumi. Nyaraka za kusomwa tu zitoke kwa PDF. Docx ibaki kwa zile ambazo mpokeaji atazihariri.