Nusura kodi ya chumba iliwe na sampuli!

Mpenzi msomaji, wiki hii nakupa yaliyonikuta mwenyewe, usije nawe ukaingizwa mjini.

Mshikaji wangu mmoja alinipa somo: "Kaka, hicho kigeuzi chako cha sauti hakina lolote. Nunua programu ya kuzidisha sampuli kwenye kompyuta, utasikia muziki mpaka nywele zisimame!" Basi nikaanza kuiangalia hela ya kodi kwa jicho baya.

Kwanza tuelewane. CD ina sampuli 44,100 kila sekunde. Kigeuzi kinapozirudisha kuwa sauti, juu ya muziki huzuka vivuli visivyotakiwa, navyo lazima vichujwe. Vikiwa karibu sana na muziki, kuvichuja ni kazi pevu. Ndiyo maana mwaka 1982 Philips, kwenye CD100 yao, walizidisha sampuli mara 4 zikafika 176,400. Vivuli vikasukumwa mbali, mchujo ukawa rahisi. Siku hizi vigeuzi vingi hufanya kazi hiyo vyenyewe humo ndani, mara nyingi mara 8.

Programu je? Hesabu ni ile ile, ila kompyuta ina nguvu zaidi, kwa hiyo inamudu mchujo mrefu zaidi. Lakini haiongezi hata mlio mmoja ambao haukurekodiwa. Chai ni ile ile, kilichobadilika ni chujio.

Nikachukua programu ya majaribio, ya bure. Wacha wee! Sauti laini, tamu, nikaona kweli mshikaji anajua. Mara mdogo wangu wa kike akaniuliza, "Kaka, mbona umepunguza sauti?"

Kumbe programu ilishusha sauti kidogo ili vilele vya muziki visikatike. Ule ulaini wote ndio huo! Nikasawazisha sauti, nikafumba macho, dogo akawa anabadilisha bila kuniambia. Mara 10. Nikapatia 5. Hata ningerusha shilingi ningepata hizo hizo!

Sisemi programu ni utapeli. Kama kigeuzi chako kina mchujo mbovu, au hakina kabisa, unaweza kusikia tofauti. Ila jaribu kwanza, sawazisha sauti, fumba macho, ndipo ufungue pochi.

Mwenye nyumba alikuja Jumamosi, akaikuta kodi yake imekamilika. Mshikaji nimemwalika naye aje afumbe macho. Kila nikimpigia, ana dharura.