Ugonjwa wa Maalim Seif ulipotajwa

Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake na hospitali yake kuu pale Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka vichochoro vya Mji Mkongwe. Korona ilipoingia visiwani Machi 2020, kwa wiki kadhaa Waziri wa Afya Hamad Rashid Mohamed alitoa hesabu za Unguja na Pemba. Watu walizisubiri, wakazibishania barazani.

Mwanzoni mwa Mei hesabu zikakoma. Bara walishanyamaza tangu mwisho wa Aprili, na taifa zima likabaki na wagonjwa 509 kwenye vitabu. Rais wa Tanzania, John Magufuli, alikwishasimulia habari ya papai na mbuzi waliopimwa wakakutwa na korona, maabara ikageuka kichekesho. Maziko hayakukoma. Aliyekufa alikuwa na nimonia, au "changamoto ya kupumua", na waombolezaji walitazamana tu.

Kisha, mwishoni mwa Januari 2021, chama cha ACT-Wazalendo kikatoa taarifa: mwenyekiti wake, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona, mkewe pia, na amelazwa Mnazi Mmoja. Taarifa ilitoka chamani, si wizarani. Ugonjwa ambao serikali haikuutolea hesabu kwa zaidi ya miezi minane ulipata jina la mtu, tena mtu ambaye hata wasiompigia kura walimjua tangu utotoni. Sidhani kama kuna bango au tangazo la redio lililofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Alifariki katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tarehe 17 Februari, akazikwa kesho yake Mtambwe, Pemba. Rais wa Zanzibar, Hussein Mwinyi, ambaye mwenyewe ni daktari, alipotangaza msiba hakutaja maradhi. Siku nne baadaye Magufuli akahimiza barakoa.

Na likija suala la chanjo, wakubwa hupenda kusema wananchi ni wakaidi. Mwaka 2009 chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilipelekwa Chumbuni kisiwani Unguja, nje kidogo ya mji, na katika shehia kadhaa za Pemba. Watafiti walitangulia kuwauliza wakaazi wanauonaje ugonjwa huo, na karibu nusu ya waliolengwa walimaliza dozi zote mbili. Ukaidi gani huo?

Chanjo ya korona ilikuja kwa mlango mwingine. Januari 2021 Magufuli aliwaambia Watanzania chanjo hizo hazifai. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan, mrithi wa Magufuli na mzaliwa wa Unguja, alichanjwa mbele ya kamera Ikulu ya Dar es Salaam, na serikali ileile ikawataka watu waiamini.