Chakula cha Jioni kwa Baba na Mama Warudio Jua Likitua

Ninyi wenye mashamba katika Bwisha na Bwito, mnaijua vizuri saa ile ya jioni. Mama anashuka kutoka shamba la mbali, mtoto mgongoni na kuni kichwani. Baba anarudi kutoka mashimo ya madini, au kutoka soko la Kiwanja, au kutoka barabarani alikosukuma chukudu tangu alfajiri. Ni saa kumi na mbili. Moto haujawashwa. Maharagi yamo katika gunia, makavu kama kokoto, na mama akiyaweka motoni sasa yataiva saa tatu ya usiku, labda saa nne.

Watoto wadogo hawawezi kungoja hivyo. Mtoto wa miaka miwili anapewa kiazi baridi, au kipande cha bugali wa jana, naye analala. Chakula kikiiva wakubwa wanakula, na yule mdogo wanamwacha kwa kuhurumia usingizi wake. Asubuhi kila mtu anakimbilia kazi yake. Basi mtoto huyu hukaa juma zima katika nyumba yenye gunia la maharagi, naye asile maharagi ila mara moja au mbili.

Ninyi nyote mmeuona ugonjwa wa bwaki. Miguu ya mtoto huvimba, nywele hugeuka rangi na kuwa nyepesi, ngozi hubanduka, naye hukaa kimya bila kutaka kucheza. Watu hufikiri ya kwamba bwaki huingia tu katika nyumba isiyo na chakula. Sivyo. Huwapata watoto ambao chakula chao siku zote ni unga mtupu na mihogo mitupu, hasa wale waliokwisha kuachishwa ziwa na wanaougua mara kwa mara. Nyumba inaweza kuwa na maharagi, na soya, na kuku uani, na mtoto akaugua, kwa sababu chakula chema huiva akiwa amelala. Katika nyumba kama hii shamba halikukosa kitu. Kilichokosekana ni saa.

Zamani za Wabelgiji waajiri wa migodi walilazimishwa na sheria kuwapa wafanyakazi wao posho: unga, maharagi, mafuta ya mawese, samaki mkavu au nyama. Walihesabu chakula cha mtu wa kazi kwa sababu walitaka nguvu zake. Posho hiyo haiko tena kwa watu wanaojichimbia mashimo, nao hula wanachonunua. Lakini hesabu yake ilikuwa nzuri, na yafaa kuikumbuka: unga peke yake hautoshi, pawe na maharagi au samaki, pawe na mafuta kidogo. Sisi tunaongeza majani mabichi.

Sasa jambo lenyewe. Chakula cha jioni kipikwe asubuhi. Tunajua mtasema ya kwamba asubuhi hamna nafasi. Subirini kidogo. Hatusemi mama akae jikoni asubuhi yote. Asubuhi moto huwashwa hata hivyo, kwa chai au kwa uji. Moto huo huo utumike, na kazi inayobaki iachiwe kitunga.

Usiku kabla ya kulala chagua maharagi, yaoshe, yaloweke katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji yale, kwa maana ndiyo yanayosumbua tumbo kwa gesi. Tia maji mapya, yafunike maharagi na kuyapita kwa urefu wa vidole vinne. Weka sufuria motoni. Yakianza kuchemka kwa nguvu, yaache yachemke hivyo nusu saa nzima, sufuria ikiwa imefunikwa. Katika nusu saa hiyo watoto wanaoshwa, uji unanywewa, jembe linatafutwa. Halafu ondoa sufuria motoni bila kuifunua, na iingie katika kitunga upesi.

Kitunga hiki ni kile cha kawaida, kikubwa, cha kubebea viazi. Ndani yake panga majani makavu ya mgomba, mengi, yaliyoshindiliwa, au nguo kuukuu, mpaka pabaki shimo la kutosha sufuria tu. Unene wa majani pande zote na chini upite upana wa kiganja. Kwa juu shona mfuko, ujaze majani hayo hayo, uwe kama mto, ukae juu ya mfuniko bila kuacha nafasi. Moto uliomo ndani ya sufuria hauna njia ya kutoka. Maharagi yanaendelea kuiva yenyewe bila kuni, bila mtu wa kuchochea, na bila hatari ya nyumba kuungua ninyi mkiwa shambani.

Akili hii si mpya. Mwaka 1867, katika maonyesho makubwa ya Paris, mtu wa Norwe aitwaye Johan Sørensen alionyesha sanduku la namna hii, na hata leo wasemao Kifaransa huliita chungu cha Kinorwe. Katika vita ya 1914 hadi 1918, makaa yalipokuwa haba Ulaya, wanawake wengi wa huko walipika kwa masanduku yaliyojazwa nyasi kavu. Walikuwa na shida kama yenu: kazi nyingi na kuni chache.

Kuna makosa matatu ambayo huharibu kazi ya kitunga. La kwanza ni kuchungulia. Kila ukifunua, moto unatoka, nao haurudi. La pili ni sufuria ndogo au sufuria nusu. Maji kidogo hupoa upesi; sufuria iliyojaa hukaa na moto siku nzima. Kwa hiyo nyumba yenye watu wachache ingefanya vema kushirikiana na jirani, leo sufuria kubwa kwangu, kesho kwako. La tatu ni kubwa zaidi: kuondoa sufuria motoni kabla maharagi hayajachemka kwa nguvu. Maharagi, hasa mekundu, yana sumu ndani yake ambayo huvunjwa na maji yanayochemka kabisa. Maji ya moto tu hayaivunji. Mtu akila maharagi yaliyopashwa moto bila kuchemshwa, hutapika na kuhara. Ndiyo sababu tumesema nusu saa, wala msipunguze.

Jioni ukitoa sufuria, maharagi yatakuwa laini lakini si ya moto sana. Yachemshe tena kabla ya kula, maana chakula kilichokaa vuguvugu kinaweza kuota vijidudu. Hii ni kazi ya dakika chache.

Wakaao juu, upande wa Jomba na kwenye miteremko ya milima ya moto, wameona ya kwamba maharagi huchukua muda mrefu kuliko kwa ndugu zao wa bondeni. Hawakukosea. Kadiri mtu apandavyo juu, maji huchemka yakiwa na moto mdogo zaidi. Pale Rutshuru yenyewe huchemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Basi ninyi wa juu ongezeni robo saa motoni. Tena maharagi ya zamani, yaliyokaa miezi mingi mahali penye joto na unyevu, huwa magumu hata yakilowekwa. Uzeni au mle yale ya zamani kwanza, wala msiyawekee akiba mpaka msimu wa pili. Na aina za mbegu si sawa. INERA, ambayo ina kituo huko Mulungu katika Kivu ya Kusini, imetoa mbegu za maharagi yenye chuma zaidi, zinazofaa kwa damu ya mama mjamzito na ya watoto. Kabla ya kupanda mbegu ngeni, pika konzi moja ya kila aina katika masufuria mawili siku moja, uone ipi inaiva kwanza. Mkulima hutazama mazao. Mpishi hutazama saa. Na katika nyumba nyingi hao wawili ni mtu mmoja.

Jioni, maharagi yakiwa tayari, linabaki jambo dogo. Baba au mtoto mkubwa aliyefika kwanza awashe moto. Tunalisema hili wazi kwa sababu tumeona wanaume wanaoketi mbele ya jiko baridi wakimngoja mwanamke aliyelima tangu asubuhi. Kuwasha mbabula si kazi ngumu kuliko kuchimba shimo. Maji yawekwe, viazi vitamu vimenywe na kukatwa vipande vidogo: kiazi kizima huiva kwa nusu saa na zaidi, vipande vyake kwa robo saa. Wenye mbegu ya viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa wavipike hivyo kwanza, kwa maana vina vitamini A inayolinda macho ya watoto. Tia lengalenga zilizokatwa katika sufuria ya maharagi, kijiko cha mawese, kitunguu na chumvi. Lengalenga huiva kwa dakika kumi. Saa moja ya usiku watoto wanakula, tena macho yao yako wazi.

Lengalenga hazihitaji shamba la mbali. Tuta moja nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, linatosha. Ukipanda leo, kwa muda wa mwezi mmoja hivi unaanza kukata, nazo hutoa machipukizi tena. Sombe ni nzuri, lakini si chakula cha siku ya kazi. Hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, na haifai kukatiza muda huo. Sombe iwe ya Jumapili.

Siku ambayo maharagi hayakulowekwa, kwa kuwa sote husahau, pika bugali na samaki wadogo wakavu. Ndagala na sambaza huiva upesi kuliko mboga zote. Waoshe kwa maji moto watoke mchanga, wakaange kidogo katika mafuta, tia nyanya na kitunguu na maji kidogo. Bugali ukikorogwa, samaki wamekwisha kuwa tayari. Sambaza wa Ziwa Kivu, tukumbushane, hawakuwako zamani. Waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo watu wengi wa Goma hudhani waliumbwa humo. Waliwe wazima pamoja na mifupa. Kwa mtoto mdogo wasage wakiwa wakavu, nyunyiza unga wao katika chakula chake. Samaki wakubwa wa Vitshumbi ni watamu zaidi, lakini bei yao hamwiti kila mtu.

Kwa mtoto asiyeweza bado kula maharagi mazima, ponda maharagi yake na kiazi pamoja kwa mwiko. Au weka akiba ya unga wa masoso, yaani mahindi, mtama na soya, ambao huwa uji kwa dakika ishirini. Lakini soya ikaangwe vema kabla ya kusagwa. Soya mbichi huzuia tumbo lisitumie chakula.

Hapa yapasa kusema mahali ambapo haraka imekatazwa. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa uitwao konzo katika nchi ya Kwango, magharibi ya Kongo. Mtu mzima wa afya huamka miguu yake imekakamaa, asiweze kutembea sawasawa tena maisha yake yote. Baadaye, katika jimbo la Bandundu, wachunguzi waliona jambo hili: barabara ya kwenda Kinshasa ilikuwa imetengenezwa, wachuuzi walitaka mihogo upesi, na wanawake walioiloweka siku tatu wakaanza kuiloweka siku moja. Sumu ya mihogo michungu ikabaki ndani, na wale waliokula mihogo hiyo bila samaki wala maharagi wakalemaa. Kwa hiyo siku za kuloweka na kuanika mihogo michungu zisiguswe, hata njaa iwe kali, hata mnunuzi awe anangoja mlangoni na fedha mkononi. Mwenye haraka apande mihogo mitamu kwa kula nyumbani, au achanganye unga wa mahindi.

Lipo na jambo la kuni. Kila sufuria inayoiva kitungani ni saa mbili za moto zisizotumika. Makala mengi yanayouzwa Goma yametoka katika miti ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, na mnajua wenyewe hatari inayompata mwanamke aendaye kutafuta kuni ndani yake. Safari moja iliyopunguzwa katika juma si kitu kidogo. Tena moshi hupungua, na macho ya mama na kifua cha mtoto mchanga hupata nafuu.

Siku ya kwanza msijaribu kitunga siku ya kazi. Jaribuni Jumapili, mkiwa nyumbani. Wekeni sufuria asubuhi, mfungue baada ya saa sita, mwonje. Yakiwa bado magumu, majani ni machache au mfuniko unavuja. Yachemsheni tena dakika kumi, yarudi kitungani, na kesho yake ongezeni majani chini na juu.