"Moja" iko wapi?

Wandugu, kupiga muziki pamoja ni rahisi kusema. Leo nawaeleza namna wanamuziki wa Kinshasa na wa inje walikosa kupatana hata ku hesabu ya "moja", na kazi ikatoka muzuri.

Mzee Mingiedi Mawangu wa Konono N°1 alikuwa anapiga likembe, lakini sauti yake ndogo ilikuwa inamezwa na kelele ya muji. Basi akatengeneza mikro na sumaku za vipande vya magari ya zamani. Sauti ikatoka na mukwaruzo. Ule mukwaruzo njo watu wa roki walipenda, wakati Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa albamu Congotronics, mwaka 2004.

Mwaka 2011, Konono na Kasai Allstars wakapanda jukwaa moja na Deerhoof wa Marekani, Juana Molina wa Argentina na wengine. Shida: kila mutu alisikia pigo la kwanza mahali pake. Hakuna aliyekosea. Mapigo yetu yanazunguka na kupishana, unaweza kuingia kwa mulango huu ao ule. Wakapiga hivyo hivyo. Albamu yao ilitoka 2022, na jina ni lile swali: Where's the One?

Sisi wa kilimo tunajua hii. Mufazili anahesabia mwezi wa ripoti, mulimaji anahesabia mvua, kisha tunasema mulimaji amechelewa. Mbele ya kusaini, tuulizane kwanza: "moja" yako iko wapi?