Kupanga vitabu vya maktaba: tuchague mfumo gani?



Maktaba ndogo za shule na vijiji huanza karibu kwa njia moja. Chumba kinapatikana, seremala anatengeneza rafu, na vitabu vinafika ndani ya maboksi. Mara nyingi hupangwa kwa ukubwa, au kwa jina la aliyevitoa. Rafu zinapendeza, lakini mfugaji wa Tarime au Mugumu anayetafuta kitabu cha magonjwa ya ng'ombe anaondoka mikono mitupu, na kumbe kitabu kimo. Kitabu kisichoonekana ni sawa na kitabu ambacho hakipo. Kwa hiyo kabla ya kuomba vitabu zaidi, tuchague mfumo wa kuvipanga.

Mifumo mitatu

Wa kwanza ni wa rangi. Kila somo lina utepe wa rangi yake kwenye mgongo wa kitabu. Unafaa shule ya msingi yenye vitabu vichache. Masomo yakiongezeka, rangi haziwatoshi.

Wa pili ni wa Dewey, uliotolewa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Maarifa yote hugawanywa katika makundi 10, kuanzia 000 hadi 900. Dini ni 200, sayansi 500, fasihi 800. Kundi la 600 lina tiba na afya (610), kilimo (630) na mifugo (636).

Wa tatu ni wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaochanganya herufi na namba. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huutumia. Ulitengenezwa kwa ajili ya maktaba kubwa sana.

Ushauri wetu

Kwa maktaba za kwetu tunashauri Dewey, kwa namba fupi za tarakimu tatu. Ndio mfumo wa maktaba za umma nchini, hivyo kijana aliyeuzoea kijijini hatapotea akienda mjini. Tena vitabu vingi kutoka nje vimechapishwa namba hiyo nyuma ya ukurasa wa jina.

Hata hivyo, mfumo huu haukutungwa kwa kutufikiria sisi. Kiingereza kina 420 yake peke yake, lakini lugha za Afrika, Kiswahili na Kikurya zikiwemo, zimebanwa pamoja kwenye 496. Katika dini, Ukristo umechukua sehemu kubwa ya 200, Uislamu uko 297 na dini za jadi za Afrika 299. Majirani wa imani zote wanasoma humo, basi kila rafu ionekane na iheshimiwe.

Chukueni pia mfano wa "Juliasi Kaizari", tafsiri ya Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani kwetu. Kwa Dewey hukaa 822, pamoja na tamthilia za Kiingereza. Mwanafunzi atakitafuta kwenye Kiswahili. Kanuni za Dewey zenyewe zinaruhusu lugha ya mahali kupewa namba fupi, yaani 410 kwa lugha na 810 kwa fasihi. Kamati ya maktaba inaweza kuamua hivyo, mradi uamuzi ufuatwe kwa vitabu vyote.

Hatua za kufuata

1. Waulizeni wasomaji wanatafuta nini, kisha toeni nafasi kubwa kwa masomo hayo.

2. Bandikeni lebo yenye namba na herufi tatu za kwanza za jina la mwandishi.

3. Wekeni bango ukutani linaloeleza namba hizo kwa Kiswahili chepesi.

4. Andikeni kila uamuzi katika daftari moja linalobaki maktabani.

Hatua ya nne isidharauliwe. Msimamizi wa kujitolea huolewa, huhamishwa au hupata kazi mjini. Kama utaratibu ulikuwa kichwani mwake tu, ameondoka nao, na anayemfuata ataanza upya na maboksi yaleyale. Daftari likiwepo, atauliza ufunguo tu.